Kuvuma Sio Kujulikana

Wasee, nikuulize kitu kabla kidole chako kiendelee kuskroli. Nitajie mtu mmoja aliyetrendi Kenya mwezi kama huu mwaka jana. Mmoja tu. Usiangalie simu.

Huna, sindio? Na si ati kichwa chako ni kibovu. Mwaka jana uliona hiyo klipu, ukacheka, ukawatumia marafiki zako, ukaandika "huyu ni lejendi." Saa hii hukumbuki hata sura ya huyo lejendi.

Mimi sina shida na mtu kutrendi. Shida yangu ni maneno. Tunaongea kuhusu umaarufu kutoka asubuhi hadi usiku, lakini tunatumia neno moja kwa vitu ambavyo havifanani hata kidogo. Na maneno yakituchanganya, kuna watu wanaumia. Wengine wako hapa hapa Ngoliba. Nipe dakika chache nikuonyeshe.

Kwanza angalia vile maneno yenyewe yamepanda bei kama unga. Mtu akijulikana alikuwa anaitwa staa. Mastaa wakawa wengi, ikabidi waliozidi waitwe supastaa. Supastaa nao wakajaa, tukaleta megastaa. Siku hizi hata hiyo haitoshi. Mtu akitoa wimbo mmoja ukabamba kwa matatu, kabla ya wikendi ashakuwa lejendi, ikoni, mfalme. Na yule amewashinda wote kabisa anaitwa mbuzi, kwa sababu kwa Kiingereza herufi za kwanza za "bora kuliko wote wa nyakati zote" zinasomeka mbuzi. Sawa. Lakini hapa kwetu mwite mtu mbuzi mbele ya mzee wake, halafu uniambie ulikimbia hadi wapi.

Neno ni kama shilingi. Ukichapisha nyingi sana, inanunua kidogo. Tukimwita kila mtu lejendi, siku lejendi wa ukweli atapita hatutakuwa na jina la kumpa.

Sasa skia hii. Kiswahili, hiki tunachokumbuka tu ile asubuhi ya karatasi ya insha, kilishaona hii mambo mapema. Maarufu ni neno lililotoka kwa Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni "anayejulikana." Basi. Hakuna makelele hapo. Watu wanakujua: wewe ni nani, unafanya nini, wakupate wapi.

Halafu kuna kuvuma. Kuvuma ni sauti. Upepo unavuma. Ngoma inavuma. Nyuki wanavuma. Na sote tumeandika kwa insha kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Kutoka kwa hilo neno tunapata uvumi, yaani habari inayotembea bila mwenyewe. Na kuna kuvumisha, mtu kufanya kitu kivume. Hata kile tulifundishwa kwa sarufi kinaitwa kivumishi kimetoka hapo hapo: neno linalokuja kando ya nomino kuipa sifa. Mtu "maarufu." Msichana "mrembo." Ukitoa kivumishi, nomino inabaki imesimama. Ukitoa nomino, kivumishi hakina mahali pa kukaa.

Kwa hivyo kuna kujulikana, na kuna kuvuma. Kujulikana ni kitu unajenga. Kuvuma, mara nyingi, ni kitu unafanyiwa. Sisi tumechukua zote mbili tukaziita kutrendi, tukamaliza.

Wacha nikupe mifano, na yote ni ya hapa nyumbani.

Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi, Martin Kamotho alipigwa picha akiwa kwa foleni ya kura Nairobi, anakula githeri kutoka kwa mfuko wa plastiki. Ni hivyo tu. Mtu ana njaa, foleni ni ndefu, anakula. Kufika jioni nchi nzima ilikuwa inamwita Githeri Man. Watu wakamkata wakambandika kwa kila picha, amekaa na marais wa dunia, yuko na mfuko wake. Kampuni zikakimbia na zawadi. Kabla mwaka uishe, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amempa nishani ya heshima ya taifa. Hata hiyo mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 mwezi huo huo, siku ishirini tu baadaye.

Sasa niambie, Kamotho alifanya nini? Simdharau, naomba unielewe. Alifanya kitu kila mmoja wetu amefanya. Sisi ndio tulimvumisha, kwa sababu nchi ilikuwa na wasiwasi wa uchaguzi na tulihitaji kucheka. Hiyo kelele ilikuwa yetu. Ikaisha tulipochoka sisi, si alipochoka yeye. Unaona hiyo hatari? Mtu anapandishwa juu na watu ambao hawajui jina lake, na hakuna hata mmoja amepanga vile atashuka.

Mfano wa pili unauma zaidi. James Kang'ethe alikuwa kijana wa mtaani Nairobi. Aliambia waandishi wa habari wa runinga vile polisi walimpiga mtu risasi halafu wakamwekea bonoko, yaani bunduki bandia, ionekane marehemu alikuwa jambazi. Huo ni ushahidi. Mtu amekufa hapo. Lakini vile kijana aliongea ilichekesha watu, DJ akachukua sauti akaiwekea biti, na nchi ikaanza kudensi. Kang'ethe akawa Bonoko, na baadaye akapata kazi ya kutangaza kwa Ghetto Radio. Yeye angalau alitoka mtaani, na hiyo ni kitu ya kushukuru. Lakini jiulize: yule aliyepigwa risasi, wewe unajua jina lake? Hata mimi silijui. Tulijua wimbo. Neno lilivuma sana hadi likafunika kile lilikuwa linasema.

Hiyo ndiyo kazi kuvuma inaweza kufanya. Inaweza kukuonyesha kitu na kukificha wakati mmoja.

Sasa geuza upande wa pili. Februari 2024 Kenya ilizika furaha yake. Tarehe 11, Kelvin Kiptum alikufa kwa ajali ya barabara huko Bonde la Ufa. Alikuwa na miaka 24. Alikuwa amekimbia marathoni tatu tu maishani mwake, Valencia, London na Chicago, na ya tatu, Oktoba 2023, alimaliza kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia. Kila mtu alilia. Kila simu ilikuwa na picha yake, na ilistahili.

Siku nne baadaye, tarehe 15, akafa Henry Rono. Nyumbani kwako nani aliweka picha ya Rono kwa statasi? Labda baba yako. Labda shosho. Kwa vijana, kimya. Na huyu ni mtu ambaye mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi, mita 10,000 na mita 3,000. Nne! Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia ya 1976 na ile ya 1980. Baadaye maisha yakampiga huko huko Marekani. Pombe ilimsumbua, kuna wakati hakuwa na pa kulala, akafanya vibarua vya kuosha magari na kubeba mizigo ya watu uwanja wa ndege. Hebu piga picha hiyo. Unashuka kwa ndege, unampa mtu begi lako, na huyo mtu alishashikilia rekodi nne za dunia kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo mtu anaweza kuvuma bila kufanya chochote, na mtu anaweza kufanya kila kitu kelele ikamwacha. Kelele haipimi kazi. Haijawahi. Ndio maana nakataa tutumie neno moja kwa zote mbili.

Na usifikirie hii ni mambo ya intaneti. Ukisimama huku kwetu ukiangalia ng'ambo ya mto Athi, unaona Kilimambogo. Ukipanda huo mlima utapita kaburi la William Northrup McMillan. Huyu alikuwa Mmarekani tajiri sana aliyekuja huku enzi za ukoloni, akawa na shamba kubwa la Juja. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwa urais wa Marekani, alikaa kwake kama mgeni. Waingereza wakampa cheo cha "Sir." Alipokufa 1925 akazikwa huko juu, akiangalia nchi yote chini. Kwa siku zake hakuna mtu upande huu wa Thika alikuwa anavuma kumshinda.

Sasa simama hapa steji ya Ngoliba uulize watu kumi McMillan ni nani. Kama kuna kitu kimebaki, ni ile maktaba ya Nairobi ilifunguliwa 1931 kwa jina lake, kwa sababu watu bado wanaingia huko kusoma. Mlima wenyewe haukubeba jina la tajiri. Unaitwa mlima wa mbogo. Wanyama wameshinda bwana mkubwa na pesa zake zote.

Sawa, unasema, hiyo ni historia, mimi inanihusu vipi?

Inakuhusu hivi. Kuna mama anauza maembe huku kwetu. Sitasema jina wala mahali anakaa, ametosheka na kujulikana. Siku moja mteja alimletea za ovyo kuhusu bei, mama akamjibu kwa hasira, kwa Kiswahili na Kikuyu vimechanganywa, maneno makali yanayochekesha. Kuna mtu alikuwa na simu. Klipu ikaenda. Watu wakaiweka biti, wengine wakaigiza sauti yake, wengine wakaandika "huyu mathe ni lejendi."

Lejendi. Unajua lejendi alipata nini? Watoto wa shule wakipita wanamrudishia maneno yake. Binti yake hataki tena kukaa naye kwa kibanda. Wateja wengine wanakuja na simu imewashwa wakijaribu kumchokoza tena, hawanunui hata embe moja. Akaunti iliyopata kufuatwa na maelfu si yake. Hata simu yake ni ya kabambe, ile ya vitufe. Hiyo klipu hawezi kuifungua.

Hapo ndipo neno linafanya kazi chafu. Tukisema "ametrendi," inaonekana kama amepata kitu. Tukisema "amevumishwa," unaanza kuuliza maswali: amevumishwa na nani? Ili nani afaidike? Pesa ya mitandao haiendi kwa mwenye sura. Inaenda kwa mwenye akaunti. Na pesa iko, usidanganyike, ndio maana tangu sheria ya fedha ya 2023 serikali inakata asilimia 5 kwa mapato ya kontenti. Walikuwa wamependekeza 15. KRA haikati ushuru kwa hewa.

Na kuna sheria nyingine wengi wetu hatujui. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake, na shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo sura ya mtu ni mali yake. Si maokoto ya barabarani.

Najua kuna mwenye anasema, "Wewe pia unatengeneza kontenti, wewe pia unataka watu." Ndio, nataka! Nataka hii posti ifike hadi Makongeni, ipande hadi Ruiru, ivuke ifike Mombasa. Mtu akikuambia hataki kusikika na yuko mtandaoni kila siku, huyo anakuchezea. Lakini nataka watu wajue nilisema nini, si wajue tu kwamba kuna kijana wa Ngoliba alipiga kelele.

Na pia najua kwa wengine kuvuma ndio mlango pekee umefunguliwa. Huna mjomba kwa ofisi, huna karo, bando ya shilingi ishirini ndiyo mtaji wako wote. Siwezi kukuambia usipite huo mlango. Elsa Majimbo alipitia hapo 2020 wakati wa Korona, na simu, miwani na pakiti ya krispi, akicheka peke yake, na dunia ikageuka kumwangalia. Tofauti yake na mama wa maembe ni moja: Elsa alishika simu mwenyewe. Aliamua aseme nini, na akaunti ilikuwa yake. Kama unataka kuvuma, sawa. Hakikisha ngoma unaipiga wewe, na vijiti viko mkononi mwako.

Lakini kama unataka kujulikana, angalia Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa kijana mdogo tu, alishinda ubingwa wa dunia wa mita 5,000 huko Paris, mbele ya El Guerrouj na Bekele. Mwaka 2012 hakuingia hata kwa timu ya Olimpiki. Kama angekuwa mtu wa kutrendi, hiyo ingekuwa mwisho wake. Akahamia marathoni. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, akakimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kutoka Paris hadi Vienna ni miaka kumi na sita. Na siku hiyo hakukimbia peke yake. Kulikuwa na wakimbiaji 41 wa kumsindikiza, wakibadilishana kumkatia upepo, baadhi yao mabingwa wa dunia na wa Olimpiki. Wewe unaweza kutaja wangapi?

Wahenga walisema avumaye baharini ni papa, kumbe wengi wapo. Hatukusikia vizuri tulipofunzwa. Tulidhani hiyo methali inamsifu papa. Mimi naisoma ikiwa upande wa wale wengine. Inasema usidhani bahari ni ya yule unayemsikia.

Kwa hivyo nina ombi, na ni dogo. Kabla uitume klipu ya mtu, jiulize: huyu anajua anarekodiwa? Akiiona mama yake, atacheka ama atalia? Kuna kitu chochote kitamrudia? Kama majibu ni mabaya, hiyo klipu iishie kwako. Si lazima kila kitu kikufurahishe kiende mbali.

Na tukiongea, tupee kila kitu jina lake. Mtu akifanya vituko watu wakacheka wiki moja, sema anavuma. Mtu akirushwa huko juu na simu za wengine, sema amevumishwa, halafu uulize na nani. Mtu akifanya kazi mwaka baada ya mwaka hadi watu wa mbali wamjue kwa hiyo kazi, sema anajulikana. Lejendi tuweke kando kwanza, tusubiri miaka ipite tuone.

Na kama utapita huku kwetu msimu wa maembe, mama bado anauza. Nunua, mlipe, umsalimie vizuri. Simu iache mfukoni.